Mtoto Mnene wa Memsahibu

Nilialikwa chakula cha mchana mjini Eldoret na mjukuu wa mwanamke niliyemdharau maisha yangu yote, nikaenda. Sikwenda kwa upendo. Katika umri wangu mtu hupoteza vitu vingi bila kujua, na nilitaka kuhakikisha kwamba dharau yangu bado ninayo. Mjukuu huyo, mwanamke wa makamo mwenye nywele nyepesi na sauti ya upole, alikuwa ametoka ng'ambo kuwatafuta watu walioishi kwenye shamba la bibi yake upande wa Moiben. Alitupata wachache, watoto wa waliokuwa wafanyakazi, sasa sote wazee wenye fimbo. Akatuketisha kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, akaagiza kuku, wali na chapati, kisha akaanza kuzungusha picha za zamani huku akitutazama usoni kuona kama tutalia. Mdogo wangu Nashon, niliyemvuta kwa nguvu aje nami, alikaa kando yangu akila kuku wake bila chumvi kama anavyokula tangu utotoni. Picha iliponifikia, nilimwona. Nashon wa miaka minne, amesimamishwa juu ya meza, kaptula imekataa kufunga kifungo, mashavu yamefura hadi macho yamebaki mistari, na utepe wa mshindi umebandikwa kifuani. Nyuma yake amesimama Memsahibu, bibi yake mwenyeji wetu, mkono kiunoni, anacheka, vilevile alivyokuwa akisimama nyuma ya mafahali wake. Pembeni kabisa mwa picha umejitokeza mkono mmoja mweusi, bila mwenyewe. Yule mjukuu akaniomba radhi kuhusu mkono huo, akasema mpiga picha hakuwa makini. Nikamwambia haidhuru, nikampa Nashon picha, naye akaitazama kidogo akaendelea na kuku wake.

Mambo ya ukoo wetu na tulivyofika Moiben kutoka magharibi hayana haja hapa, kila mtu alifika kutoka mahali. Niliishi na Mama, Baba na Nashon kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama mabehewa, na nilikuwa msichana wa kuosha vyombo katika jiko la nyumba kubwa. Ninachotaka kueleza kwanza ni upuuzi wetu sisi wenyewe, nisije nikaonekana kuwadharau wazungu peke yao. Pale laini hapakuwa na sifa iliyopita unene. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajakaa, alitafuta mtoto wa kumsifu kwa unene wake, naye mama wa mtoto alijifanya kukana huku meno yote yako nje. Mtoto mwembamba alikuwa aibu. Watu walimwangalia, halafu wakaangalia sufuria, halafu wakamwangalia mama yake. Tulikula ugali wa posho na maziwa yaliyokwisha kuondolewa krimu, kwa hiyo watoto wanene walikuwa wachache, nao walitembezwa kama wafalme. Basi Nashon alipoanza kuamka asubuhi kope zimevimba, Mama alidhani ni nyuki. Mashavu yalipofuata, halafu tumbo, halafu miguu ikawa mizito na laini, hakuna aliyedhani ni nyuki tena. Walisema amenona.

"Mama Loise, huyu unamlisha nini? Tuambie na sisi!" majirani walimwuliza mlangoni, wakimwita kwa jina langu.

"Ni ugali tu, dada. Ugali na mboga," Mama alijibu, akimgeuza Nashon ili waone na upande wa nyuma.

Nilikuwapo, nilisikia, na mpaka leo nikikumbuka nataka kucheka na kutapika kwa pamoja. Mtoto alikuwa hachezi. Alikuwa hapandi hata kizingiti. Mkojo wake ulitoa povu kwenye kopo kama sabuni, tukauona kila asubuhi, tukaumwaga. Wote tulikuwa na macho, na wote tuliyatumia kupima mashavu.

Memsahibu naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huohuo wa kupenda vitu vinene, ila yeye alikuwa na ng'ombe. Kila mwaka walowezi walikutana mjini kwa maonyesho ya wakulima, na katika miaka ile mtu fulani mwenye akili nyingi alianzisha shindano la watoto wa wafanyakazi. Walitaka kuona nani anawatunza watu wake vizuri. Watoto walipimwa kwenye mizani ya magunia ya mahindi, kisha wanawake watatu wa kizungu wenye glavu waliwabonyeza mashavu, wakawafungua midomo, wakaandika. Mwenye mtoto alipata blanketi. Mwenye shamba alipata makofi, na hayo ndiyo Memsahibu aliyoyataka. Nyapara wetu, Mzee Barasa, aliyeweza kunusa matakwa yake kabla hata hajayafikiria, alimpeleka Nashon nyumba kubwa akiwa amempakata kama tikiti maji. Memsahibu akamzunguka. Alikuwa na Kiswahili chake cha shambani, ambacho kilikuwa na maneno ya kuamuru tu, hakikuwa na hata moja la kuuliza.

"Hii toto mzuri kabisa. Hii nakwenda shoo," alisema.

Alikwenda, akashinda. Walipomweka kwenye mizani karani alisoma uzito mara mbili kwa kutoamini. Blanketi lilikuwa jekundu na zito, na lilipofika laini watu walikuja kulishika. Mzee Barasa alisimulia ushindi ule jioni baada ya jioni, kila mara yeye akiwa karibu zaidi na mizani, hadi ungedhani yeye ndiye aliyepimwa. Nashon alilala chini ya blanketi lile akihema kwa shida, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kumbana kifua.

Haikupita muda asubuhi moja macho hayakufunguka kabisa, na mkojo ukakata. Mama alipiga yowe ambalo sikulijua kuwa analo. Walisafirishwa kwenye lori la maziwa hadi hospitali ya Eldoret, nami nikatumwa pamoja nao nimbebee Mama mizigo, kwa hiyo niliyaona mengi kwa macho yangu. Daktari alikuwa mzungu mrefu, mchafu kidogo, na sikumpenda, lakini nitasema ukweli wake. Alibonyeza muundi wa Nashon kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki. Tukalitazama shimo lile sote. Lilikaa kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Kisha akachukua mkojo wa mtoto katika chupa nyembamba ya kioo, akaushika juu ya moto, na mkojo ukaganda mweupe kama yai linapoiva.

"Mama, hiki cheupe ni chakula cha mwili wake," alisema kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotarajia. "Figo zinavuja, kinatoka na mkojo. Maji nayo yanabaki mwilini. Mtoto huyu hajanenepa. Amejaa maji."

Mama hakumwamini. Nilimwona usoni. Alikuwa ametoka mshindi kwenye shindano, alikuwa na blanketi la ushahidi begani.

Wodi ya Waafrika ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na harufu ya dawa ya kuulia wadudu, na wazazi walilala chini kati ya vitanda. Daktari alimwanzishia Nashon vidonge vya kotisoni, vidogo vyeupe, ambavyo alisema ni dawa mpya na kwamba miaka michache kabla yake watoto kama huyu walivimba hadi wakafa huku watu wakitazama. Akakataza chumvi. Uji bila chumvi, maharagwe bila chumvi, viazi vimechemshwa hivihivi. Nashon alivitema na kulia, nasi tukavila, kwani chakula hakitupwi. Siku zikapita bila jambo lolote, kisha ghafla mtoto akaanza kukojoa. Alikojoa mchana kutwa, alilowesha godoro, alilowesha Mama, na kila alipokojoa alipungua. Tumbo likashuka, miguu ikarudi kuwa miguu, uso ukatokea. Nilimwona mdogo wangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na alikuwa mifupa. Mbavu zote, shingo kama kijiti, matako hana. Maji yalikuwa yamefunika njaa muda wote huo. Lakini alishuka kitandani, akakimbia hadi mwisho wa wodi, akageuka, akacheka. Mimi nililia kwa furaha.

Wageni wetu kutoka laini walipofika na Mzee Barasa mbele, walisimama mlangoni kama waliofika matangani. Wakamtazama Nashon anayeruka juu ya kitanda, wakatikisa vichwa.

"Wamemkausha mtoto," alisema mmoja wa wale akina mama. "Jamani, angalia vile wamemkausha!"

"Ni hii dawa," Mzee Barasa akasema, na akashusha sauti, maana daktari alikuwa chumba cha pili. "Mama Loise, toroka na mtoto. Memsahibu akiona hii atasema nini?"

Walikuwa wameleta samaki mkavu wa kutoka ziwani, aliyesuguliwa chumvi hadi akawa mweupe, kwa sababu kwetu hospitali haiendewi mikono mitupu na mgonjwa mwembamba hulishwa. Mama aliwashukuru, akamweka samaki chini ya kitanda. Walipoondoka alimtoa, akamtazama muda mrefu, kisha akambonyeza Nashon kwenye muundi kwa kidole gumba. Nyama ikarudi palepale. Akambonyeza tena mguu wa pili. Samaki yule tulimpa mwanamke mwingine aliyekuwa na mtoto aliyevunjika mkono.

Kabla ya kuturuhusu, daktari alimweleza Mama mambo, na ninayakumbuka kwa sababu alimfanya ayarudie. Vidonge havikatwi ghafla. Vinapunguzwa kidogokidogo, kwa muda mrefu, naye ndiye atakayesema lini. Mashavu yatajaa tena na mtoto atakuwa na njaa ya ajabu, lakini hiyo itakuwa kazi ya dawa, isichukuliwe kuwa ni kupona. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Ukirudi, mkojo utatoa povu na mguu utashika shimo, na siku hiyohiyo arudishwe. Mama aliyarudia yote bila kukosea. Kisha daktari akafanya kosa ambalo watu wake walilifanya daima, akampelekea Memsahibu chupa ya vidonge badala ya kumpa Mama. Mfanyakazi hakuaminiwa na dawa. Chupa ikawekwa ndani ya kabati la jiko kubwa pamoja na jemu na biskuti, ufunguo ukaning'inia kiunoni kwa Memsahibu, na kila asubuhi Mama alisimama na Nashon kwenye mlango wa nyuma, wakingoja kidonge kama kuku wanavyongoja punje.

Dawa ilifanya kazi yake kama ilivyotabiriwa. Nashon alikula kama mtu mzima, alikula na ugali wangu. Mashavu yakajaa, yakawa mviringo kabisa, na vinyweleo vikamwota mgongoni. Laini nzima ikashusha pumzi, mfalme wao amerudi. Memsahibu alimshika kidevu pale mlangoni, akamgeuza huku na huku, akafurahi.

"Sasa toto napona kabisa," alisema. "Dawa hapana tena."

"Memsahibu, daktari alisema tupunguze pole pole," Mama alimwambia. "Alisema tusikate."

"Daktari nakwenda Ulaya, likizo. Mimi najua toto. Mimi nalea ndama mingi kuliko daktari."

Akafunga kabati. Mimi nilikuwa kwenye karai la vyombo nikamsikia akimweleza mgeni wake jambo hilo kwa Kiingereza, na mpishi, aliyekijua, akanitafsiria tukisugua sufuria. Alisema Waafrika wakizoea dawa hawaiachi, wataitaka hata wakiwa wazima. Mgeni alikubali. Wakanywa chai. Nilimchukia mwanamke yule kwa chuki safi, ya mtoto, isiyo na maelezo, na ninashukuru kwamba umri haukuiharibu.

Povu lilirudi kabla mahindi hayajavunwa. Kope asubuhi, halafu tumbo, halafu miguu. Mama alibonyeza muundi na shimo likabaki. Alikwenda nyumba kubwa kuomba lori la maziwa limchukue hadi hospitali, akaambiwa lori si la kubeba watu wazima na mtoto mwenye afya. Akamwomba Mzee Barasa amsemee. Mzee Barasa alicheka hadi kofia ikamtoka, akasema mwanamke gani analalamika kwa kuwa na mtoto mnene, tena wakati huu, shoo ikiwa imekaribia. Kutoka kule kwetu hadi mjini kwa miguu, mvua ile na mtoto mzito vile mgongoni, ilikuwa haiwezekani, na kuondoka shambani bila ruhusa kulimaanisha askari.

Ndipo Mama alipobadilika, na sikumwelewa. Aliacha kuomba. Alianza kumpaka Nashon mafuta asubuhi hadi anang'aa. Majirani walipomsifu alicheka nao na kumgeuza upande wa nyuma kama zamani. Mzee Barasa alipokuja kusema kwamba Memsahibu amemchagua tena, Mama alipiga vigelegele. Mimi nilimtazama mama yangu nikaona aibu kuwa nilinyonya kwake. Nilidhani anataka blanketi la pili.

Siku ya shoo lori letu lilikwenda mjini limebeba fahali mmoja, mitamba wawili na Nashon. Aliketi mapajani mwa Mama, nami kando yao, namba imebandikwa kwenye shati lake, midomo imegeuka rangi, akihema kwa mdomo wazi. Uwanjani palikuwa na bendi na harufu ya mavi ya ng'ombe na keki. Kila Mama alipojaribu kuelekea kwenye lango, Mzee Barasa alimrudisha kwa kumshika kiwiko, akimwambia asipotee. Basi wakampima Nashon. Karani akatangaza uzito, watu wakapiga makofi. Wale wanawake wa glavu wakambonyeza mashavu, mashavu tu, wakatabasamu, wakambandika utepe. Wakamsimamisha juu ya meza. Memsahibu akasimama nyuma yake, mkono kiunoni, na mpiga picha akainama ndani ya kitambaa chake cheusi.

Mama alitoka kwenye mstari wa akina mama akanyoosha mkono. Hakuwa amengoja picha iishe. Alishika mguu wa Nashon mbele ya wote, akakandamiza kidole gumba kwenye muundi, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Shimo lilikuwa refu kuliko lile la hospitalini.

"Haya ni maji," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu. "Munapea maji zawadi."

Mmoja wa wale wanawake alivua glavu, akainama, akaangalia, akasema kitu kwa Kiingereza. Memsahibu akawa mwekundu kama blanketi. "Wewe nakwenda wapi? Rudisha toto!" alipiga kelele, kwani Mama alikuwa tayari amemnyanyua Nashon mezani, utepe na namba vikiwa bado kifuani, na anatembea. Mzee Barasa akamshika kiwiko tena. Mama alimgeukia akamwambia neno moja la kwetu ambalo siwezi kuliandika katika kitabu ambacho wajukuu wangu watasoma, naye akauachia mkono ule kama aliyeshika kaa la moto. Nikawafuata. Hospitali haikuwa mbali na uwanja. Njiani nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Wewe unaosha vyombo kwao, Loise. Uso wako unasema kila kitu." Ni kweli, mpaka leo unasema.

Daktari mgeni aliyeshika zamu hakutubembeleza. Alichoma mkojo, ukaganda wote hadi juu, akamrudishia Nashon vidonge usiku uleule, na safari hii chupa ikakaa kwenye khanga ya Mama. Akakojoa. Akapungua. Tulipotuma habari shambani, Baba, aliyebaki kule kazini, alijibiwa kwa kurudishiwa kipande chake, kile cheti cha kazi, kimetiwa sahihi ya kuachishwa kazi, na vyombo vyetu vikiwa nje mvuani, blanketi jekundu likiwa halimo. Baba aliyasikiliza yote akasema tu, "Sawa, kwani nilikuwa nimeoa shamba?" Tulihamia mjini, chumba kimoja, na ugonjwa ulirudi tena na tena kama daktari alivyosema, kila mara na povu lake, kila mara Mama akiwa na vidonge vyake anavyovipunguza polepole bila kumwomba mtu ufunguo. Baada ya miaka kadhaa ulichoka, ukaacha kurudi. Mpaka Mama anakufa, akikutana na Nashon hakumsalimu kwanza, alimwinulia suruali na kumbonyeza muundi, hata alipokuwa mwalimu mkuu, hata mbele ya wakwe.

Haya yote yalinipita kichwani pale mezani, kuku akipoa. Nashon alikuwa amemaliza, amepanga mifupa ukingoni mwa sahani kwa unadhifu wake. Amekuwa mwembamba maisha yote, mwembamba wa kuudhi, koti linamning'inia, na watu wa makamo hata leo humwonea huruma na kumwongezea nyama. Yule mjukuu wa Memsahibu alirudi upande wetu na birika la chai, akainama kati yetu wawili, akaichukua picha kwa ncha za vidole. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani, safi, chenye maneno ya kuuliza, na hilo nitampa sifa.

"Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote," alisema. "Bibi aliiweka ukutani hadi alipofariki. Alisema huyu ndiye alikuwa mtoto mwenye afya kuliko wote shambani." Akamtazama mtoto wa kwenye picha kwa mapenzi, kisha akanitazama mimi. Hakumtazama mzee mwembamba aliyekuwa akipuliza chai yake karibu na mkono wake. "Mama, je, unajua nini kilimpata?"

"Alipona," nikasema.